Ampli ya nyumbani: sauti ya mtu kwanza, mungurumo baadaye

Goma – Jumamosi mchana, katika duka moja la Birere, vijana wawili na mama mmoja walisimama mbele ya rafu ya ampli. Vijana walikuwa wamepokea zamu yao ya likelemba, dola 110. Mama ni mama yao mukubwa, aliyefika kutoka upande wa Masisi na watoto watano. Sasa wote wanakaa pamoja, watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu vya mbao. Muuzaji alishika ile yenye taa za rangi.

"Bayaya, hii iko na wati 3000. Inapiga mpaka ku avenyu ingine."

Akaingiza fulashi, rafu ikatetemeka. Mama mukubwa alingoja wimbo uishe.

"Na habari, zitasikika?"

"Mama, iko na kila kitu."

"Basi utuwekee habari tusikie."

Muuzaji alitafuta redio kwenye chombo kile. Redio ilikuwemo, lakini waya wa antena ulibaki kwenye karto, na karto ilikuwa depo. Kilichotoka ni mvumo tu, kama mvua juu ya mabati.

Ombi la mama yule linapaswa kuwa ombi la kwanza la kila familia inayotoa pesa yake kwa ampli ya nyumbani, hasa familia iliyopokea ndugu waliokimbia vita. Leo watu wananunua kwa kufuata wati na taa. Wakifika nyumbani wanagundua kwamba wana chombo cha kutikisa ukuta, ila msomaji wa habari hasikiki anasema nini.

Kwa Kifaransa chombo hiki kizima kinaitwa ampli-tuner. Sehemu ya kwanza inakuza sauti ya tele, ya dekodere, ya simu. Sehemu ya pili ndiyo redio yenyewe. Siku hizi viko vyombo vidogo vinavyouzwa kwa jina la home cinéma ambavyo redio wameiondoa kabisa, wakaacha blutuzi na tundu la fulashi. Viko vingine, vya okazioni kutoka Ulaya, vinavyojivunia redio ya DAB. Hiyo hapa haisaidii kitu, kwa sababu vituo vya Goma na Bukavu vinasikika kwa FM. Basi jambo la kwanza dukani ni kutafuta neno FM, halafu tundu la antena nyuma. Tundu lisipokuwepo, wala waya usioondoka, hiyo si ampli ya familia inayongoja habari.

Habari ya wati inahitaji maneno marefu kidogo, maana hapo ndipo pesa nyingi inapotelea. Ile 3000 iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa mara nyingi inafuatwa na herufi ndogo PMPO. Ni hesabu ya kilele cha muda mfupi sana, na kila kiwanda kinaipiga kinavyopenda. Hesabu yenye maana ni RMS, nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa bila kuchoka. Na hata asiyejua herufi hizo ana njia: ageuze chombo, asome kibandiko cha nyuma. Kikisema kinakula wati 60, basi hakiwezi kutoa 3000 kwa muda wowote wa maana, kwa sababu hakuna chombo kinachotoa nguvu kuliko ile kinachoingiza. Muuzaji anaweza kucheka. Kibandiko hakicheki.

Kibandiko hicho hicho kinaokoa familia kwa jambo lingine. Umeme wetu ni volti 220. Chombo cha okazioni kilichotoka Marekani kinaandikwa 120V, cha Japani 100V. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani kinaungua, na hakuna muuzaji anayerudisha pesa ya chombo kilichotoa moshi. Kinachofaa ni chenye 220V, au 230V, au kile kinachoandika 100-240V. Kuna ampli nzuri kweli za namna hii zilizotengenezwa nyembamba ili ziingie chini ya tele. Marantz, kwa mfano, ina aina zenye kimo cha sentimita kumi hivi, wakati ampli za kawaida za home cinéma ni nzito kama jiwe la volkano na zinajaza meza nzima. Lakini wembamba wake usimdanganye mtu, maana nazo zinataka umeme wa ukutani, na umeme huo ndio tatizo.

Tuzungumze basi juu ya batri, kwa sababu nyumba nyingi za Goma zinaishi kwa batri na plake ya jua. Batri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 50 inabeba wati-saa 600. Ukiimaliza yote mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo mwenye akili anatumia nusu, 300. Ampli kubwa ya njia tano, pamoja na kile kigeuzi kinachobadili volti 12 kuwa 220, ikila wati 60, basi baada ya saa tano imekwisha. Ampli ndogo ya stereo inayokubali volti 12 moja kwa moja kutoka batri, ikicheza kwa sauti ya kiasi, inaweza kula wati 10. Hiyo ni saa thelathini. Kigeuzi cha bei ya chini kina ubaya mwingine: kinaweza kufanya ampli ivume mfululizo, na kinachafua FM. Mwisho wa Januari 2025, wakati vita vilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika Goma. Aliyekuwa na batri na redio alisikia. Aliyekuwa na home cinéma ya ukutani alikaa naye gizani.

Mtu atasema: simu zipo. Kweli, simu nyingi zina redio, lakini zinahitaji waya wa ekuta kuwa antena, na ekuta mbili ni za masikio mawili. Katika nyumba ya watu kumi na mmoja mmoja anasikia, halafu anawasimulia wengine. Kila mtu mjini hapa anajua habari inavyobadilika ikipita mdomo hadi mdomo.

Wengi hawajasahau Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi alitangaza kwamba sehemu ya mji ihame, kartiye zikatajwa kwa majina. Watu wakachukua njia ya Sake, ya Rutshuru, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakapanda mashua. Siku kama ile jina moja la kartiye likimezwa na mungurumo, familia inaweza kubaki mahali ilipopaswa kuondoka, au kuondoka bila sababu na kuacha nyumba kwa wezi. Sasa ni vivyo hivyo kwa barabara: ipi imefunguliwa, ipi imefungwa, wapi wanaandikisha watoto kwa shule, wapi wanachanja. Radio Okapi inasema kwa Kiswahili tangu mwanzo wake, Februari 2002, na redio za kartiye na za vijiji zinasema pia. Ila maneno hayo yanafika nyumbani kwa bafle fulani, nzuri au mbaya.

Na sauti ya mtu haihitaji bafle kubwa. Simu za waya za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu, na watu walielewana, wakafanya biashara, wakatoa na pole za msiba. Lile sanduku la besi linalokaa chini, ambalo vijana wanaliita roho ya chombo, kwa kawaida linafanya kazi chini ya hezi 120. Maneno hayapo huko. Herufi zinazotofautisha "kufa" na "kufaa" haziko kwenye besi. Ukiongeza besi hauongezi neno hata moja. Unafunika tu yale yaliyopo.

Kwa wale waliokwisha nunua ya njia tano, kuna kosa moja linaloonekana nyumba kwa nyumba, na dawa yake haigharimu kitu. Katika filamu au mechi, watu wanafungua mdomo lakini sauti yao ni ya mbali sana, wakati muziki na vishindo vinajaa chumba. Sababu ni kwamba katika mpango wa 5.1 maneno mengi yanapelekwa kwenye bafle ya katikati. Kama bafle hiyo haikuunganishwa, au imeuzwa, au watoto wameivunja, ampli inaendelea kutuma maneno mahali pasipo na mtu. Ingia kwenye mipango kwa telekomandi, uiambie ampli kwamba bafle ya katikati haipo. Maneno yatahamia kushoto na kulia. Kwa FM inayokwaruza, bonyeza mono badala ya stereo, na nyoosha waya wa antena, sentimita 75 hivi, karibu na dirisha, mbali na kigeuzi. Mono si aibu. Mtu anayesoma habari ana mdomo mmoja.

Linabaki jambo ambalo wauzaji hawaliulizwi kamwe. Nyumba zetu ni za mbao, zimekaa juu ya mawe ya lava, na kati ya nyumba na nyumba kuna hatua mbili. Besi inapita mbao kama vile hazipo. Sasa ndani ya nyumba hizo kuna watoto waliotoka kwenye mabomu. Mama yule wa Masisi alieleza dukani, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wake wa miaka saba akisikia kishindo cha filamu kwa jirani anaingia chini ya kitanda, na kumtoa kunachukua muda. Hapo kijana mkubwa aliacha kugusa taa za ile ampli. Na usiku, katika kartiye ambazo watu wanalala sikio moja wazi kwa sababu ya majambazi, nyumba inayonguruma haisikii mlango wake, na inawazuia majirani kusikia milango yao.

Si kusema kwamba vijana hawana haki ya mechi na filamu. Wana haki, na zaidi ya haki. Mtu hawezi kuishi kwa matangazo ya vita peke yake. Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, mji mzima ulitafuta mahali pa kuona na kusikia. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kichwani kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki. Tulishindwa 1-0, lakini ishara ile haikusahaulika. Aliyekuwa mbele ya tele aliiona. Aliyekuwa na redio peke yake aliipata kwa maneno ya mtangazaji tu, na kama bafle yake ilikuwa ya kunguruma, alikosa hata hayo. Mechi nayo inataka sauti ya mtu.

Kwa hiyo stereo ya kweli, bafle mbili za ukubwa wa kiasi, wati 20 au 30 za RMS kwa kila moja, zinatosha chumba cha mbao na zinabaki. Tundu la kuingiza sauti ya tele liwepo. HDMI yenye maandishi ARC ni nzuri kama tele nayo inayo, la sivyo waya wa kawaida wa rangi nyekundu na nyeupe unafanya kazi ile ile. Bafle zikiwa za omu 4 na ampli imeandikwa 8, usizilazimishe; ampli itapata moto kupita kiasi. Na dukani, kabla ya kutoa dola, fanya alivyofanya mama mukubwa: omba habari, si wimbo. Omba sauti ishushwe mpaka chini, kisha rudi nyuma hatua nne na usikilize kama kila neno linafika. Muuzaji akikataa, Birere ina maduka mengi.

Wale watatu walikwenda kwenye duka la tatu. Huko walipata ampli ndogo nyeusi, isiyo na taa, inayokubali volti 12, na bafle mbili za okazioni zenye vitambaa vilivyochakaa. Mwenye duka alivuta waya wa antena mpaka mlangoni. Mwanamke mmoja alikuwa akisoma bei za maharagwe na unga za juma lile, soko kwa soko. Mama mukubwa alisimama karibu na mlango, akarudia bei moja kwa moja, na ya Kituku akaipinga kwa sababu alikuwa ametoka huko asubuhi.

Dola 85, na waya. Mabishano yaliyobaki njiani yalikuwa juu ya nani atashika telekomandi.