Mke wa Mtanzania anapewa uraia, na mume je?

Makamanda, fungueni Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 11. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania? Hatajwi kabisa.

Darasani nilikichukulia kifungu hiki kama swali la mtihani tu, mpaka rafiki yangu akaolewa na Mkongo. Mumewe anapita njia ya mgeni yeyote: akae nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 ya nyuma yake, jumla ya ukaazi isipungue miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza (Kiswahili chake kinawashinda baadhi ya waheshimiwa!). Muda wote huo anaishi kwa kibali chenye tarehe ya kuisha. Akikataliwa, Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake ni wa mwisho.

Wakenya walishamaliza hili kwenye Katiba ya 2010: ndoa ikifika miaka 7, awe mke awe mume, anaomba. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa jinsia tangu marekebisho ya 2000. Sasa kifungu hiki kinafanya nini humo?

Naambiwa wageni watatuoa ili wapate pasipoti. Kwani wanawake wa kigeni hawawezi kufanya hivyo? Chunguzeni ndoa zote.

Wanasheria wa chama, andaeni muswada binafsi. "Mwanamke" isomeke "mtu", na "mume" isomeke "mwenza".