Miiba ya Mbigili Haikujengi, Buda

Wasee wa jimu, leo nitakosana na wengi. Ile chupa ya tribulus kwa begi lako, unajua ni mmea gani? Ni mbigili. Ile miiba inatoboa tairi za baiskeli. Mwaka jana nililipa elfu tatu na mia tano nikiambiwa itanipandishia testosteroni, na mwezi huo nikaomba landlord anivumilie. Kifua kilibaki vile vile.

Niliacha chuo, sawa, lakini kusoma utafiti sijaacha. Mwaka wa 2007, Australia, wachezaji wa raga waligawanywa mara mbili. Kundi moja lilipewa tribulus, miligramu 450 kwa siku, lingine vidonge visivyo na kitu. Baada ya wiki tano za vyuma, wote walikuwa wameongeza nguvu. Wote! Waliokula mbigili hawakuwashinda wenzao. Kilichofanya kazi ni vyuma.

Najua mtanirukia: "Na ashwagandha je?" Hapo siwezi danganya, ina matokeo. Utafiti wa 2015 ulichukua wanaume 57 kwa wiki nane, na waliokula huo mzizi waliongeza nguvu kuliko wengine. Lakini hawa walikuwa hawajazoea kunyanyua vyuma, na mtu mgeni kwa jimu hukua haraka hata hivyo. Wewe uko mwaka wa tatu unangoja muujiza gani?

Kitu kiliniuma zaidi ni ekdisteroni, ile ya mchicha wa kizungu, spinachi. Watafiti wa Berlin walitoa matokeo mazuri 2019, misuli iliongezeka kabisa. Halafu wakapima hivyo vidonge. Lebo ilisema miligramu 100. Ndani walipata kama 6. Sasa kama Ujerumani ni hivyo, hiyo yako imefungiwa wapi, na nani aliipima?

Mmea wenyewe sina shida nao. Brazil, utafiti wa 2021 uliweka vijana wasiokula nyama kando ya wanaokula, kila mtu akifikisha gramu 1.6 za protini kwa kilo ya mwili, wa mimea wakiongezewa soya. Wiki kumi na mbili za mazoezi, misuli ya miguu ikakua sawa. Kwa msee wa kilo 65 hiyo ni gramu 104 kwa siku. Ni ndengu mingi, ndiyo, na maharagwe, na njugu, na tumbo litalalamika.

Wewe unayeuza hizo chupa, DM iko wazi. Nitumie majibu ya maabara ya hiyo batch yako. Si picha ya mtu ana six-pack. Majibu.