Kichwa cha delege peke yake hakitoshi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kuchunga nyumba,

Juzi tulisindikiza wenzetu mbele ya Inspekta wa kazi, juu ya masaa ya nyongeza yenye hayakulipwa. Avoka wa kompanyi alifungua ordinatere, akaandika jina moja, na papo hapo karatasi zote zikatoka: kontra, barua za onyo, mpaka maandiko ya mukutano wa miaka sita nyuma. Siye tulikuwa na nini? Sashe moja, fishi tatu za mushahara zenye kulowana na mvua, na delege wetu anasema: "Nakumbuka vizuri." Inspekta hawezi kuandika "nakumbuka". Tulirudi mikono mitupu.

Wengi wanafikiri avoka anashinda juu ya Kifaransa chake. Hapana. Kwa maavoka, kesi ikiisha hawaitupe. Wanaandika bishano lilikuwa nini, artikle gani ilitumika, juji alikata namna gani, na wao walikosea wapi. Wanapanga yote kwa jina, kwa mwaka na kwa aina ya mambo. Avoka kijana akiingia leo, anakuta kazi ya wakubwa wake wote. Muzee akiondoka, akili yake inabakia mu biro. Kwetu, delege akienda pansio anaenda na kila kitu, na mwenye kumufuata anaanza zero.

Na sheria haitungoje. Kode ya kazi ya 2002 inatupa mwaka 1 tu wa kudai mushahara, na miaka 3 kwa mengi mengine ya kontra. Wakati tunatafuta karatasi, siku zinaisha, na haki inakufa.

Hatuna lazima ya kungojea ordinatere. Kila sendika iweke daftari na kabati yenye kufuli. Kila bishano liwe na ukurasa wake: jina, tarehe, nani alisema nini, liliishaje. Delege mwenye kutoka akabizi daftari mbele ya mashahidi.

Na nyumbani, mama, fishi ya mushahara si karatasi ya kufungia karanga! Uipige picha na telefone, yenyewe uiweke mu valizi pamoja na kontra na karatasi za CNSS. Siku baba anashikwa na ugonjwa wa kifua, ao anakuacha mujane, ile karatasi njo itasema kwa mahali pake.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki pia.