Ute wa Tangini si Uvivu wa Dada

Katika nyumba za Jeddah na Riyadh, anayelihudumia tangi la samaki la sebuleni mara nyingi ni dada wa kazi aliyetoka Mombasa, Nairobi au Kampala. Ukitanda utando wa kijani kwenye changarawe, wenye utelezi na harufu ya udongo mbichi, lawama humwangukia yeye. Kuanzia Jeddah hadi Batha kule Riyadh, maneno ni yale yale. Nayajibu kwa sababu yanaua samaki na yanamwonea mtu.

Wanasema ute ni uchafu, na asiyesafisha ndiye aliyeuleta. Sivyo. Huo si uchafu, wala si mwani halisi. Ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Utawajua kwa jinsi wanavyobanduka vipande vipana kama ngozi, ilhali mwani hung'ang'ania kioo au huota nyuzi. Jamii hii ilianza kutoa oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Hata Bahari ya Shamu, inayopiga ufuo wa Jeddah, inao: mwaka 1823 mtaalamu wa Kijerumani Christian Gottfried Ehrenberg aliona maji yamegeuka mekundu huko Tor, pwani ya Sinai, na mwaka 1830 akawapa bakteria wale jina la Trichodesmium erythraeum. Nyumbani kwetu ndugu zao wanaitia rangi ya kijani Ghuba ya Winam, Kisumu, kwa sababu ya mbolea na maji taka yanayoingia ziwani, jua kali na maji yasiyokwenda.

Tangini mambo ni hayo hayo kwa kipimo kidogo. Watoto wanamwaga chakula kuliko samaki wanachoweza kumaliza, mabaki yanaoza, na kuna kona ambayo mkondo wa pampu haufiki. Taa nayo inawaka mpaka alfajiri, hasa Ramadhani nyumba nzima ikikesha. Dada akisugua kila asubuhi huku taa ikiwaka saa 15 kwa siku, ute utarudi tu. Tena tangi lenye nitrati kidogo sana halina kinga, kwani baadhi ya bakteria hawa huchukua naitrojeni hewani.

Wengine huagiza maji yote yamwagwe, na changarawe na kichujio vioshwe kwa jiki. Hili ndilo agizo baya kuliko yote, na linatolewa kwa nia njema. Ndani ya sponji ya kichujio wanaishi bakteria wengine, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Jiki inawaua. Kurudi kwao huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo samaki wanaogelea kwenye sumu yao wenyewe. Sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, basi.

Maji ya bomba yanasingiziwa pia. Ya Jeddah hutoka baharini na kuondolewa chumvi. Riyadh hupata mengi yake kutoka mitambo ya Ghuba, Jubail na Ras Al Khair, yakisukumwa kwa mabomba mamia ya kilomita. Ute haupandi bomba hilo. Kinachotakiwa kuangaliwa ni klorini, pamoja na joto la tangi la juu ya paa, ambalo Julai humwaga maji ya moto kwelikweli. Yawekwe kwenye ndoo yapoe, na yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Kuhusu mrututu, ambao wengine huutia tangini kuua ute: shaba iliyomo huua konokono na uduvi, na katika maji yenye madini machache huwa sumu kali zaidi hata kwa samaki. Eritromaisini, ambayo ni antibiotiki, ndiyo, huua ute, kwa kuwa ute ni bakteria. Lakini inaweza kuwadhuru wale wa kichujio, inazoesha vijidudu dawa ambayo binadamu tunaihitaji, na chakula na mwanga vilivyouzaa ute vinabaki palepale.

Samaki msafishaji, yule wa kunyonya kioo, hali ute huu. Hukua kupita sentimita 30 na kuongeza kinyesi. Wanaoishi kwa viumbe wa ukoo huu ni heroe wadogo wa maziwa ya Nakuru, Bogoria na Natron.

Njia inayofaa haina gharama kubwa. Vuta ute kwa mpira, maji yakitoka nao. Zima taa na ulifunike tangi kwa blanketi siku 3, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, maana ute unaokufa hula oksijeni. Ukifunua, badilisha theluthi moja ya maji. Kisha elekeza mkondo kwenye ile kona iliyotulia, lisha kiasi kinacholiwa kwa dakika 2, na weka swichi ya saa izime taa baada ya saa 6 hadi 8. Swichi hiyo ni juu ya mwenye nyumba. Naye dada apewe ndoo ya tangi peke yake, ambayo haijawahi kuguswa na sabuni.