Tisini na Mbili Bila: Nani Kafungwa?

Ndugu msomaji, kwanza niungame. Siku mshikaji mmoja alipotuletea kijiweni habari za timu ya chuo cha Prairie View A&M, kule Texas, Marekani, aliyecheka kuliko wote ni mimi. Timu ya wanafunzi, ya ule mpira wao wa yai unaobebwa mkononi, ilipigwa mechi 80 mfululizo! Ilianza 1989, ikaja kutoka 1998. Msimu wa 1991 ilicheza mechi 11, ikapoteza zote. Ilipata pointi 48, ikafungwa pointi 617. Alabama State peke yao waliwapa 92 bila. Tisini na mbili, jamani! Hata katika mchezo ambao kuufikisha mpira mwisho wa uwanja mara moja ni pointi 6, hicho si kipigo tena, ni msiba.

Nilicheka mpaka machozi. Leo naona haya, na wewe uliyecheka hapo juu ona haya pia.

Maana sikuuliza swali ambalo mtu anayejiita mwandishi hulianza nalo: ilikuwaje? Chuo hiki cha watu weusi, kilichoanzishwa 1876, hakikuwa cha kubahatisha. Chini ya kocha Billy Nicks, miaka ya 1950 na 1960, kilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya watu weusi mara 5. Ndicho kilichomtoa Ken Houston, mmoja wa walinzi wakubwa katika historia ya mchezo huo. Baadaye hesabu za fedha zikaenda mrama. Msimu wa 1990 timu ikasimamishwa. Iliporudi 1991, ilirudi bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Vyuo walivyokuwa wakicheza navyo viliendelea kuwalipia vijana wao.

Sasa niambie, kijana mwenye kipaji na asiye na ada angekwenda wapi? Si kule anakolipiwa? Waliobaki Prairie View ni wanafunzi waliotoka darasani wakaenda kuumizwa bure kila Jumamosi. Halafu magazeti yakawacheka wao! Aliyefunga mfuko hakuchekwa na mtu.

Najua kuna mjuaji atakayeniambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Bwana wee! Kushindana ni pale mnapoanza mstari mmoja. Mmoja akianza hatua mia nyuma, hayo si mashindano, ni maonyesho.

Ila wanaonikera zaidi si wacheka, ni wasifiaji. Utawasikia: "Oneni moyo! Hawakukata tamaa!" Ni kweli, moyo walikuwa nao. Tarehe 26 Septemba 1998, mjini Oklahoma City, waliifunga Langston 14 kwa 12, mkosi ukakatika. Mwaka 2009 chuo hicho kikachukua ubingwa wa ligi yake. Hongera kwao. Lakini moyo haulipi ada, na sifa zisitumike kufunika deni. Ukimsifu mtu kwa kuvumilia njaa bila kumtaja aliyemnyima chakula, umemsaidia mnyimaji.

Haya nayajua kwa kuwa yamenikuta. Niliwahi kumpelekea mchapishaji mmoja hadithi zangu. Akasema hana cha kunilipa, ila nina moyo, nitafika tu. Nikaandika usiku, mchana nikihangaikia nauli na mkate. Baada ya miezi kadhaa akaniuliza kwa dharau mbona kazi zangu hazilingani na za wale anaowalipa. Nikakosa jibu, nikainamisha kichwa kama mwenye kosa. Leo ningemjibu: Mzee, wewe unanihesabia magoli tu. Hesabu na ulichonipa.

Sisemi kila anayeshindwa kaonewa. Wapo wavivu, na mimi kuna hadithi niliziandika ovyo na zilistahili kapu la taka. Ninachosema ni kwamba ubao wa matokeo husema nani kafungwa, hausemi kwa nini. Kusema kwa nini ni kazi yetu sisi wenye kalamu. Tukiiacha tukabaki kucheka au kupiga makofi, sisi ni watazamaji tu, hata tukijiita waandishi mwaka mzima.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Kijiweni nipo.