Reli Ipewe Mzigo kwa Ubora, Si kwa Amri



Sisi hatuipingi reli. Iliyojengwa kwa mkopo wa umma ni mali ya umma. Tunachokipinga ni mkono mmoja kushika bandari, reli na kanuni zake, kisha kumwambia mwenye mzigo: njia ni hii, hakuna nyingine.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2014 Mamlaka ya Bandari iliahidi kwa mkataba kuipatia reli mpya kiasi maalumu cha shehena. Shehena ikipungua, bandari ilipe pengo. Treni za mizigo zilipoanza kazi mwaka 2018, ahadi hiyo ikageuka kamba shingoni. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yote ya Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli. Watu wa Mombasa wakaandamana, amri ikasitishwa kwa muda. Agosti 2020, amri ya Rais ikaiweka bandari, reli na bomba la mafuta chini ya mwavuli mmoja.

Ni nani aliyeumia? Dereva wa lori, mwenye bohari wa Mombasa, mama anayewapikia madereva Mariakani na Mtito Andei. Naye mwenye mzigo, akiisha kulipia treni hadi Embakasi, alilazimika kukodi lori tena hadi ghalani kwake.

Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba mkataba na amri ya reli ya 2019 vilikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022 Rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Wengi walishangilia. Lakini tuseme kweli: kilichorudishwa kwa tamko la mtu mmoja chaweza kuondolewa kwa tamko la mtu mmoja. Hiyo ni fadhila, si haki.

Wako wanaosema kwamba deni la China lazima lilipwe, na bila shehena ya lazima treni zitakosa mapato. Tunawajibu: gharama ya kulazimisha hailipwi na waziri. Hulipwa na mnunuzi wa sabuni dukani. Treni ikiwa nafuu na ya haraka, mzigo utaifuata wenyewe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mikataba yote ya reli iwekwe wazi. Reli isimamiwe na chombo huru, maana kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Na mashirika ya umma yasiunganishwe tena kabla Mamlaka ya Ushindani haijapima athari zake na wananchi hawajasikilizwa.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, hatukutafuta majina mengi kwenye karatasi ya kura tu. Tulitaka kila mwenye madaraka awe na wa kumhoji. Hilo halikuishia bungeni. Linafika hadi gatini na kwenye stesheni. Tusinyamaze.