Deki Mbili, Amplifaya Moja

Majumbani mwetu deki haitupwi. Ile kongwe isomayo CD pekee hubakia kwa usafi wa sauti yake, kisha huja ya DVD kwa ajili ya watoto, na amplifaya ya hom-theta ni moja tu sebuleni. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Kila atakaye kusikiliza chake huchomoa nyaya za mwenziwe, hata matundu yakalegea, spika moja ikanyamaza, na fundi akamwambia mama mwenye nyumba kwamba amplifaya imekwisha, anunue nyingine. Sisi twasema: kabla ya kutoa shilingi, igeuzeni mtazame mgongo wake.

Mtaona matundu ya duara yaliyopangwa mawili mawili, jekundu la kulia na jeupe la kushoto. (La manjano ni la picha, halipitishi sauti.) Kila jozi ina jina lake: CD, DVD, AUX, TAPE. Majina haya huwatisha watu bure. Kwa upande wa sauti matundu hayo ni sawa, na jina ni alama tu ya kitufe cha kubonyeza mbele. Deki ya pili ya CD yaweza kuchomekwa AUX, ikasikika vile vile. TAPE nayo yafaa, maadamu ni upande ulioandikwa IN.

Illa PHONO. Hilo ni la santuri peke yake. Sindano ya santuri aghalabu hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha milivolti 5, kwa hiyo tundu hilo hukuza sana kila kiliingiacho na kuipandisha besi. Deki ya CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400. Mkiichomeka hapo mtasikia mngurumo uliopasuka, na spika zaweza kuharibika.

Matundu yasipotosha, wako wanunuao waya wa panda wakaziunga deki mbili katika tundu moja. Hatuipendi njia hii, hata fundi akiapa. Waya huo hugawa sauti moja kwenda pahali pawili. Haukusanyi mbili zikawa moja. Deki moja husukuma umeme wake ndani ya tundu la kutolea la mwenziwe, sauti ikafifia au ikakwaruza, hata kama ya pili imezimwa. Nunueni kisanduku cha swichi: mwabonyeza kitufe, deki moja yaungwa, nyingine yakatwa.

Penye ugumu ni kwa wenye deki za SACD, zilizotoka mwaka 1999, au za DVD-Audio. Hizo hutoa sauti kwa nyaya sita: mbili za mbele, mbili za pembeni, moja ya katikati na moja ya spika ya besi. Amplifaya nyingi zipokeazo sauti hiyo zina seti moja tu ya matundu sita, basi mwenye deki mbili atafute kisanduku cha swichi chenye njia sita. Tena amplifaya nyingi haziirekebishi sauti iingiayo hapo. Ukubwa wa spika hupangwa ndani ya deki yenyewe, na wengi huilaumu spika ya besi ilhali deki haijapangwa.

Zimeni vifaa vyote kabla ya kuchomeka, na kila waya ufungiwe karatasi yenye jina la deki yake. Mama na bintiye waweza kuimaliza kazi hii baina ya alasiri na magharibi.